Mnaoandika riwaya za ujambazi za Dar ya miaka ya 70, mnatuuzia Dar ya leo iliyovalishwa suruali za bugaluu

Wakuu, heshima kwenu.

Leo naongea kwa hasira na sitazunguka. Kuna wimbi la riwaya za kijasusi na kijambazi zinazouzwa sehemu kwa sehemu kwenye magrupu ya WhatsApp. Tangazo linaahidi Dar ya 1974, damu, bastola na wanawake hatari, na sisi tunaoipenda miaka ile tunalipa. Nimelipia moja mwezi huu. Simtaji mwandishi, maana ugonjwa huu si wake peke yake.

Sura ya pili tu, mpelelezi anapanda daladala Magomeni. Daladala mwaka 1974! Mabasi ya watu binafsi yameruhusiwa jijini 1983. Huo mwaka wa 1974 UDA yenyewe, shirika la mabasi ya jiji, ndiyo kwanza inaundwa kutoka kampuni ya mabasi ya DMT. Mbele kidogo gari linafukuzwa Sokoine Drive, barabara iliyopewa jina la marehemu Sokoine baada ya kufariki Aprili 1984. Usiku polisi wanapekua nyumba Ilala na anayeitwa kushuhudia ni mjumbe wa CCM. Chama hicho kimezaliwa tarehe 5 Februari 1977! Mjumbe wa nyumba kumi kumi wa wakati ule alikuwa wa TANU, na hilo hata mtoto wa shule angeweza kulisahihisha.

Najua kuna watakaosema natafuta makosa madogo. Haya, tuje kwenye hela. Jambazi anachomoa shilingi milioni moja kwenye mfuko wa ndani wa koti na kuirusha mezani. Noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Milioni moja ni noti 10,000, yaani mabunda 100 yenye noti mia mia. Hilo ni sanduku zima. Linataka mtu wa kubeba, gari la kupakia, chumba cha kufichia, na kila anayeligusa anaweza kukuuza. Na dola moja mwanzoni mwa miaka ile ilikuwa shilingi saba na senti, kwa hiyo mwenye milioni alikuwa na utajiri ambao asingeweza kuutumia bila mtaa mzima kumuuliza kaupata wapi. Mwandishi anayejua hilo ana sura tatu za wasiwasi mkononi kabla hajafyatua risasi hata moja. Huyu wetu kaitupa hela mezani, kaendelea na mapigano.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Utamu wa hadithi hizi haujawahi kuwa ngumi. Utamu ni jiji linalombana mtu kila upande. Unataka kupiga simu Mwanza, unapitia kwa opereta, na opereta ana masikio. Umegundua jina la muuaji saa nne usiku ukiwa Keko, bosi wako yuko Oysterbay, na simu huna. Mpaka uifikie simu, shahidi wako ameshakufa. Kwenye kitabu nilichonunua, mpelelezi anapata kila habari papo hapo, kila anayemtafuta anampata, hakuna anayechelewa popote. Mtu wa namna hiyo namwogopea nini?

Elvis Musiba alipomleta mpelelezi wake Willy Gamba kwenye riwaya ya Kufa na Kupona mwaka 1974, alikuwa anaandika wakati wake. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapa hapa Dar, wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika wanapita mitaani, na ilikuwa miaka mitano tu tangu Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, auawe kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Februari 1969. Msomaji wa siku zile alijua kwamba kifurushi kutoka posta kinaweza kuua. Hakuhitaji kutishwa.

Sasa angalia mnachoacha barabarani. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kariakoo, Upanga, Kisutu, mtu analala mwenye ghorofa, anaamka mpangaji wa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyokabidhiwa majengo hayo. Wahindi wengi walifunga mizigo wakaondoka. Fikirieni kuna nini humo: sefu iliyobaki ukutani, karani wa Msajili anayejua fleti ipi iko wazi, mzee aliyeuza dhahabu kimyakimya ili familia itoke, jirani aliyeona na hakusema. Riwaya tano ziko humo! Mwandishi wetu kampeleka mpelelezi Upanga, mwaka huo huo wa 1974, akakutana na dalali anayetaka kodi ya miezi sita mkupuo. Hiyo ni kero yetu ya sasa kaichukua kama ilivyo, kaibandika mwaka.

Hata hayo mavazi mnayoyapenda yalikuwa na kesi. Operesheni Vijana ilianza Januari 1969, vijana wa TANU wakawa barabarani kuwakamata wenye vimini na suruali za kubana. Msichana aliyetoka nyumbani na kimini chini ya khanga kwenda dansini alikuwa ameshavunja amri kabla hajakutana na jambazi yeyote. Ninyi mnatupa nywele za afro, viatu vya raizoni na bugaluu kama picha ya harusi, basi, mmemaliza miaka ya 70.

Nilimwandikia mwandishi kwa adabu, nikamwekea makosa na sura zake. Kanijibu ni hadithi tu, mkuu. Hapana. Umeuza mwaka, umepokea hela ya mwaka, tupe huo mwaka.

Wazee wetu mliomo humu mliokuwa Dar wakati huo, nawaomba shikamoo zangu zipokeeni na mwandike hapa chini. Nauli ya basi Manzese hadi Posta ilikuwa senti ngapi? Simu ya umma ya karibu na kwenu ilikuwa wapi, na ilikula sarafu gani? Mwizi akikamatwa usiku, aliyekuja kwanza alikuwa polisi, mjumbe au nani? Wekeni kwa majina ya mitaa. Nitakusanya kila jibu kwenye posti namba mbili ya uzi huu, na mwandishi wa mwakani asije kusema hakujua pa kuuliza.