Mjadala: Je, mjane wa kibarua wa serikali nchini India ana haki ya kudai ajira ya huruma?

Mtoa mada

Ndugu wanajamvi, nchini India mtumishi wa serikali akifariki angali kazini, mjane au mtoto wake anaweza kuomba aajiriwe bila kupitia usaili wa ushindani. Katika serikali kuu, ajira hii ya huruma inaongozwa na waraka wa Oktoba 9, 1998, unaoitengea asilimia 5 ya nafasi za kuajiri moja kwa moja katika kada za chini. Waraka huohuo unaeleza kwamba mtumishi anayekusudiwa ni yule wa masharti ya kudumu. Kibarua wa kutwa, mwanagenzi na mwenye mkataba wa muda hawamo. Ninauliza kama mpaka huo ni wa haki kwa familia ya mtu aliyefagia ofisi moja kwa miaka 15 au 20, akilipwa kwa siku, hadi kifo kikamkuta na ufagio mkononi.

Kwa maoni yangu mpaka huo umewekwa pasipofaa, ingawa sisemi kwamba kila mtoto wa kibarua arithi kazi ya mzazi wake. Katika kesi ya Umesh Kumar Nagpal dhidi ya Jimbo la Haryana, mwaka 1994, Mahakama ya Juu ilisema kwamba ajira hii si njia nyingine ya kuajiri watu, kwa kuwa Katiba, katika Ibara ya 14 na ya 16, inataka raia wote wapate nafasi sawa. Ni mwanya wa pekee, uliowekwa ili kuivusha familia katika dhiki ya ghafla iliyoletwa na kifo cha mlezi wake, na ndiyo maana ombi linalokuja baada ya miaka mingi hukataliwa. Basi tuifuate hoja hiyo hadi mwisho wake. Kama kipimo ni dhiki, mjane wa mtumishi wa kudumu anabaki na pensheni ya familia na kiinua mgongo, wakati mjane wa kibarua mara nyingi hana hata kimoja. Mwaka 1997, katika kesi ya Rabia Bikaner, mjane wa kibarua wa reli alinyimwa pensheni kwa sababu mumewe hakuwa amepangiwa nafasi katika ikama, yaani orodha ya nafasi rasmi za kazi. Mwenye dhiki kubwa zaidi ndiye asiyeruhusiwa hata kuomba.

Jimbo la Uttar Pradesh lilionekana kuacha mlango wazi kidogo. Kanuni zake za mwaka 1974 zilimhesabu kuwa mtumishi hata mtu ambaye hakuajiriwa rasmi, mradi awe ametumikia miaka mitatu mfululizo katika nafasi ya kudumu iliyo wazi. Familia nyingi za vibarua ziliegemea maneno hayo mahakamani, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 2009, katika kesi ya Laxmi Devi dhidi ya mamlaka ya maji ya Uttaranchal, jimbo lililomegwa kutoka Uttar Pradesh, kwamba miaka pekee haitoshi na kwamba ni lazima marehemu awe alishika nafasi ya kudumu iliyo wazi. Lakini ikama huamuliwa na mwajiri, daftari la mahudhurio hutunzwa na mwajiri, na ni mwajiri huyohuyo anayeweza kumsimamisha kibarua siku mbili tatu kisha akamrudisha, ili mfululizo wa utumishi ukatike kwenye karatasi. Baada ya kifo, mjane ndiye anayetakiwa kuthibitisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nakuheshimu, lakini umeipita hoja iliyo nzito kuliko zote. Mwaka 2006, katika kesi ya Umadevi, jopo la majaji watano wa Mahakama ya Juu liliamua kwamba kibarua aliyeingia bila tangazo wala ushindani hapati haki ya kudumu kwa sababu tu ametumikia muda mrefu. Wengi waliingia kwa kujuana na msimamizi, huku vijana wengine wakisubiri tangazo ambalo halikutoka. Sasa, ikiwa marehemu mwenyewe angekuwa hai asingeweza kudai kazi ya kudumu, mwanawe anaipata wapi haki ambayo baba hakuwa nayo? Kifo ni msiba, hakizalishi cheo. Tena asilimia 5 ni kidogo mno. Ukiwaongeza vibarua wote, foleni ya wajane itarefuka, na hakuna familia itakayopata msaada wakati dhiki yake ingali mbichi.

Mtoa mada

Hoja ya baba na mwana ina uzito, ndugu yangu, nami nataka tuitumie kama kipimo. Hukumu hiyohiyo ya Umadevi iliagiza kwamba wale waliokuwa wametumikia miaka 10 au zaidi katika nafasi zilizoidhinishwa, bila kulindwa na amri za mahakama, wafikiriwe, kwa mara hiyo moja tu, kuingizwa katika ajira ya kudumu. Desemba 20, 2024, katika kesi ya Jaggo iliyohusu wafagiaji na mtunza bustani wa Tume Kuu ya Maji, Mahakama ya Juu iliamuru waingizwe katika ajira ya kudumu na ikalalamika kwamba Umadevi imegeuzwa silaha dhidi ya wafanyakazi wa muda mrefu. Kwa hiyo tuulize: je, marehemu angekuwa hai leo angestahili kuingizwa? Kama ndiyo, familia yake ihesabiwe kama ya mtumishi wa kudumu, na daftari lisipopatikana, mzigo wa kuthibitisha umwangukie mwajiri aliyelitunza. Kama sivyo, ipewe fedha, isipewe kazi. Wala msaada huo wa fedha usisubiri foleni ya asilimia 5.

Mchangiaji wa pili

Mnajadili kana kwamba kazi yenyewe ni neema. Kwa wafagiaji wa miji na wazibuaji wa mitaro ya maji taka, ambao wengi wao ni Wadaliti, yaani watu wa matabaka yaliyodharauliwa kuliko yote nchini India, ajira ya huruma inaweza kumaanisha ufagio wa mama kupita kwa binti. Katika jimbo la Maharashtra, kwa mapendekezo ya kamati ya Lad-Page iliyoangalia hali ya wafagiaji, mrithi wa mfagiaji wa manispaa hupewa kazi hata mzazi anapostaafu tu. Vyama vya wafanyakazi huko huitetea haki hiyo kwa nguvu, na siwalaumu, kwa sababu ndiyo kazi ya kudumu pekee ambayo familia hizo zimewahi kuiona.

Oktoba 2023, katika kesi ya Balram Singh, Mahakama ya Juu ilipandisha fidia ya anayefia katika maji taka kutoka rupia 1,000,000 hadi 3,000,000, na ikaagiza pia familia isaidiwe kwa ajira, elimu ya watoto na mafunzo ya ufundi. Hapa fidia inafuata kifo chenyewe, haifuati cheo cha marehemu, na kwangu huo ni mwanzo bora kuliko waraka wa 1998. Ninaloongeza kwa kipimo cha mtoa mada ni hili: mrithi anayepewa kazi asipangiwe kazi ileile iliyomuua mzazi, kama ipo nyingine katika idara anayoweza kuifanya. Je, mnaolipinga jambo hili mnalipinga kwa sababu ya sheria, au kwa sababu mnaona hakuna mwingine atakayekubali kushika ufagio?