Maji moto kwa nyumba ya wazee: themostati nishushe ama niache?

MsimamiziDago: Wadau mko aje. Nasimamia nyumba ya wazee huku upande wa Dagoretti, wako 14, maji moto yanatoka kwa sola ya paa na ndani iko na elementi ya stima. Wiki jana shosho mmoja alijifungulia mfereji wa moto akababuka mkono, malengelenge kabisa, na vile ana sukari hata hakusikia mapema. Mwenye nyumba akakuja na bisibisi akashusha themostati, kile kidhibiti joto cha tangi, hadi nyuzi 45, akasema imeisha hiyo na bili pia itashuka. Sasa na hii baridi ya Julai wazee wananung'unika maji ni vuguvugu. Kwenu mnafanyaje?

FundiWaPaipu: Rudisha 60 leo leo. Kati ya 20 na 45 ndipo bakteria ya lejionela inazaana, halafu ukifungua shawa mzee anavuta yale matone madogo anashikwa na nimonia. Na hiyo themostati inaamuru stima tu boss, jua haliamuru, ikifika Januari tangi litapita 70 na bado mtachomeka. Dawa ni valvu ya kuchanganya maji, inawekwa karibu na mfereji, unaiset 41 kwa sinki na shawa, bafu la kulala lisipite 44, hivyo ndivyo Uingereza wanafanya. Chukua ile inafunga moto yenyewe baridi ikikatika, maana Nairobi tunajuana na mgao wa maji. Moto na baridi zote zitoke kwa tangi moja la juu ama presha ya maji itakusumbua.

KaribuJuja: Hizo za lejionela ni mambo ya wazungu na AC zao. Weka shawa za instanti umalize.

NesiWaZamu: @KaribuJuja ni kweli ilijulikana baada ya watu kuugua kwa hoteli ya Philadelphia, Marekani, 1976, lakini kijidudu hakiulizi pasipoti. Instanti haihifadhi maji moto, hapo nakubali, ila stima ikipotea saa kumi na mbili asubuhi utamwogesha mzee wa miaka 85 na nini?

Msimamizi, valvu pekee haitoshi. Kwa karai mimi huanza na maji baridi ndio naongeza moto, nakoroga, napima na kipimajoto, halafu kiwiko, na namuuliza mzee mwenyewe kabla sijamwagia. Mkono wa nesi umezoea moto, usiuamini. Dirisha lifungwe, taulo iwe tayari, maana wengi wanaosema maji ni baridi ni ule upepo unawapiga wakitoka. Vyumba visivyo na mtu fungulia mifereji dakika kadhaa kila wiki, maji yasilale kwa paipu. Na mtu akiungua ni maji baridi yanayotiririka dakika 20, tafadhali sio dawa ya meno, hiyo tabia hata mwanahisabati wa chuo kikuu nimemkuta nayo.

MsimamiziDago: Asanteni sana. Nimenunua kipimajoto. Jana jioni bafu la shosho ilisoma 43, leo jua likachomoza kidogo, saa nane mchana ikasoma 58, na themostati iko pale pale 45 haijaguswa. Nimepiga picha nikamtumia mwenye nyumba. Amejibu tu, "hizo valvu ni pesa ngapi?" @FundiWaPaipu nitakutafuta inbox, bafu ziko nne.