Mnaomwita Bill Duke "lijitu jeusi la Commando", mnakera!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira tangu Jumamosi.

Nilipita banda umiza moja huku kwetu uswahilini, kiingilio mia tano, nikakuta wameweka Commando, muvi ya Arnold Schwarzenegger ya mwaka 1985, ile ya kutafsiriwa. Nikasema ngoja nikae kidogo nikumbuke utoto. Ikafika ile sehemu jamaa mwenyewe, huyo Bill Duke, kakaa ndani ya Cadillac kwenye duka la magari, muuzaji anamsifia gari weee, jamaa katulia tuli, anamwambia anachokipenda zaidi ni bei. Kisha anaondoa gari, anamgonga muuzaji na kutokea kwenye kioo. Hakupandisha sauti hata kidogo. Ndiyo maana inatisha.

Mtafsiri anasemaje? "Oneni lijitu jeusi hili, taa zikizimwa yanabaki meno tu!" Banda zima kicheko. Pale mlangoni kuna binti anauza karanga, mweusi kama huyo jamaa. Vijana wawili wakamgeukia, "dada yako huyo." Akainama akaanza kupanga upya vifuko vya karanga ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Nikamfuata mwenye banda. Jibu lake: "Mzee, unakasirika nini, huyo si adui tu? Sasa hivi steringi anammaliza."

Adui tu! Nimekuja humu nikatafuta uzi wa zamani wa muvi za Arnold, nako ni yaleyale. "Yule mweusi wa Commando." "Yule mweusi anayenyoa kwenye Predator." Ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna hata mtu mmoja aliyeandika jina lake. Arnold mnajua mpaka gym aliyokuwa anafanyia mazoezi.

Anaitwa Bill Duke. Kazaliwa 1943, Poughkeepsie, jimbo la New York. Mwaka 1971 alikuwa jukwaani Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, kwenye mchezo wa Melvin Van Peebles. 1976 yumo kwenye Car Wash, kijana wa kuosha magari aliyebadili jina akawa Abdullah, ana uchungu na dunia nzima. Pale hakuna bunduki wala misuli, ni uso tu unafanya kazi.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linaloniuma. Huyo "adui tu", kabla hajatupwa na Arnold juu ya mguu wa meza kwenye chumba cha moteli, alikuwa tayari ni mwongozaji. Tamthilia za televisheni kama Dallas na Knots Landing, zipo vipindi vilivyoongozwa na yeye. Mwaka 1984 akaongoza The Killing Floor, habari ya Weusi waliotoka Kusini mwa Marekani wakaenda Chicago kufanya kazi kwenye machinjio, wakahangaika kujenga chama cha wafanyakazi pamoja na Wazungu, mpaka ghasia za ubaguzi za 1919 zikavuruga kila kitu. Mtu aliyetengeneza kitu kama hicho, mwaka unaofuata kaenda kupigwa na Arnold ili apate mkate wake, na kazi ile akaifanya kwa heshima zote.

Na Predator (1987) mnaikumbuka kwa lile dubwana. Mimi namkumbuka Mac, yule askari aliyeigizwa na Bill Duke. Anajinyoa mkavu, bila maji wala sabuni, anaukandamiza wembe shavuni mpaka unavunjika. Hakuna anayetuambia jamaa anaanza kuchanganyikiwa, tunajionea wenyewe. Halafu usiku, rafiki yake Blain ameshauawa, anakaa peke yake anaongea na marehemu huku anautazama mwezi. Mwigizaji mwingine pale angelia machozi ndoo nzima.

Haya, niwaulize. Sister Act 2, ya Whoopi Goldberg na wale wanafunzi wa kwaya, nani hapa hajaitazama? Kwaya ngapi zimeiga ile "Oh Happy Day"? Lauryn Hill yumo, binti kabisa, kabla kundi lake la muziki, Fugees, halijavuma. Mwongozaji wake ni Mac! Ndiyo, mnyoaji wenu huyohuyo, mwaka 1993. Miaka miwili nyuma yake alikuwa Cannes, lile tamasha kubwa la filamu la Ufaransa, muvi yake A Rage in Harlem ikishindanishwa kwenye shindano kuu. 1992 akatoa Deep Cover, Laurence Fishburne akiwa polisi aliyejipenyeza kwa wauza unga hadi hajui tena yeye ni nani. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora. (Hoodlum ya 1997 simtetei, imerefushwa bila sababu.) Na kuigiza hakuacha. 2018, miaka yake 75, yumo kwenye Mandy na Nicolas Cage, dakika chache tu, lakini akiongea unaacha kutafuna.

Nimebakiza moja kwa makusudi. Mwaka 2011 huyu mnayemcheka meno alitoa filamu ya maisha halisi, Dark Girls, akiwa na D. Channsin Berry. Wanawake weusi wanasimulia walivyotukanwa rangi yao, wengine ndani ya familia zao wenyewe. Kuna mtoto mdogo wa kike, mweusi, anaonyeshwa picha za katuni za watoto waliopangwa kwa rangi. Anaulizwa yupi mjinga. Kidole kinakwenda kwa aliye mweusi kuliko wote.

Nyie mnaochekelea kwenye banda, huku dukani nyuma ya banda hilohilo mkorogo unauzwa kwa vipimo, mnadhani mlikuwa mnamcheka Mmarekani?

Jumapili nimeenda kwa kijana anayejaza muvi kwenye flashi. Nikamwandikia Deep Cover kwenye karatasi. Akatafuta, akatafuta, akanijazia muvi nyingine ya polisi, akasema "hii nayo kali, mzee". Nikalipa, nikarudi nyumbani na hasira mara mbili.

Kwa hiyo aje mtu aniambie "ni utani tu mkuu", nipo hapa nasubiri. Na mwenye The Killing Floor yenye picha safi aje inbox aseme bei. Nitafuata nakala mbili, moja naipeleka kwa yule mwenye banda.