Mrejesho: nilifunga siku 3 na simu nikazima

Bwana asifiwe wapendwa. Niliuliza hapa kama muuza dagaa wa Kibirizi, Kigoma, anaweza kufunga siku 3 na kuzima simu bila biashara kufa. Nimefunga.

Mchana maji tu, jioni nafungua kwa uji (aliyenikumbusha vidonda vyangu vya tumbo, asante sana). Njaa haikunisumbua kama mkono: kila saa unapapasa mfukoni, na simu iko kwa dada! Siku ya kwanza sala zangu zote zilikuwa hesabu za magunia. Ya pili, alfajiri, boti za wavuvi zikirudi, nikasoma Isaya 58, pale Mungu anaposema mfungo anaoutaka ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Nikamkumbuka mama jirani ninayemdai, na nilivyomsema mbele za watu. Nikaenda kumwomba radhi, deni nikalifuta. Hilo lilikuwa gumu kuliko njaa.

Wateja wawili walihamia kwa wengine, mmoja karudi. Sasa Jumapili simu inazimwa mpaka saa nane mchana. Mume wangu ananung'unika kidogo.