Mgeni wa mlima akikuta bahari imekupwa, wakala wa Moshi anahusika?

Mtoa mada, Moshi: Wadau, tunauza Kilimanjaro siku saba, halafu Zanzibar siku tatu. Picha tunayotuma ni ya maji yaliyojaa hadi kwenye minazi. Mgeni anafika Paje, saa nne asubuhi bahari iko kule mbali, mbele yake mchanga, mawe na mwani. Anasema katapeliwa. Je, wakala alazimike kuandika habari za kupwa na kujaa kwenye ratiba, au hilo ni la hoteli?

Mpanga ratiba, Arusha: Alazimike, maana tatizo tunalitengeneza wenyewe. Wageni wengi wanataka kufika kilele cha Uhuru na mbalamwezi, nasi tunawapangia. Haya, pigeni hesabu: mwezi mpevu kileleni, kushuka, kesho yake ndege. Anatua kwenye bamvua! Bamvua huja siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Unguja siku hizo maji hujaa alfajiri na jioni. Kupwa kunaangukia kati ya saa nne na saa sita mchana, mgeni ndiyo kwanza katoka kunywa chai na taulo begani. Wiki moja baadaye ni maji mafu, bahari haiendi mbali.

Muuza vifurushi, Moshi: Mnatisha wateja bure. Kupwa si kasoro. Ndipo akina mama wanavuna mwani na mtu anatembea kuelekea mwambani. Ukiandika "maji hukimbia", anakwenda Shelisheli. Jedwali la maji liko mtandaoni, asome.

Mpanga ratiba, Arusha: Asiyejua kuwa kuna kupwa atatafuta jedwali la nini? Tarehe ikiangukia bamvua, mpeleke Kendwa au Nungwi, kule kuna kina, anaogelea karibu saa zote. Maji mafu, Paje na Jambiani. Akiing'ang'ania Paje, mwambie kuogelea ni jioni. Asubuhi avae viatu vya mpira, kwenye mawe kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, na mwiba hukatikia ndani ya nyama. Maji yakianza kurudi ageuke hapohapo, kwa sababu hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yake, kati yake na pwani.

Dereva wa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA): Na mizigo je? Ndege ndogo nyingi mwisho kilo 15, begi laini. Vifaa vya mlimani vibaki Moshi kama atarudi kuondokea KIA. Halafu ile bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44 tangu Oktoba 2024, hata mwenye bima yake analipa. Asipoambiwa mapema, anaona kaibiwa uwanjani.

Muuza vifurushi, Moshi: Mstari mmoja wa maji nitaweka. Picha sibadilishi.

Mtoa mada, Moshi: Usibadilishe. Andika chini yake saa iliyopigwa.