Naomba ushauri: mapambo ya unga wa chumvi yadumu miaka mingi

Habari zenu wadau. Krismasi inakaribia na watoto wameshaanza kuulizia mti. Mwaka huu nataka kila mmoja awe na pambo lake la kutundika, mbele alama ya kiganja, nyuma jina na mwaka. Yale ya dukani yanameta kweli, lakini hayana mwenyewe.

Mchanganyiko ninaoujua ni vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji ya kutia kidogo kidogo mpaka donge lisinate mkononi. Unasukuma, unakata, unatoboa tundu la uzi likiwa bado bichi, kisha unaoka kwa moto mdogo, nyuzi 100 hivi za Selsiasi, kwa saa 2 au 3. Moto ukizidi linavimba na kupasuka. Hapo sina shida.

Kinachonitatiza ni kuyatunza. Chumvi hunyonya unyevu, na pambo likishalainika, ile michirizi midogo ya kiganja ndiyo inayotangulia kufutika. Je, mnapaka vanishi, au gundi nyeupe inatosha? Baadhi ya vanishi hugeuka njano baada ya muda, nami sitaki viganja vya wanangu vionekane kama vya wagonjwa!

Halafu yupo kitindamimba, kila kitu mdomoni. Chumvi yote hiyo akiila ni hatari. Waliowahi kupiga chapa mkono wa mtoto mchanga, mlimdhibiti vipi asikunje ngumi?