Amlodipini au losatani? Miguu ya mama inavimba, dozi inaisha Ijumaa

Binti Chanika
Wakuu habari za leo. Mama yangu mzazi anatumia amlodipini ya presha. Miguu imemvimba, viatu haviingii, hata kandambili zinambana. Dokta wa zahanati anasema tuhamie losatani. Kijana wa duka la dawa hapa mtaani anasema abaki na amlodipini, tumwongezee Lasix atoe maji. Bima hana, pesa natoa mimi, kwa hiyo nataka ninunue kitu kimoja cha uhakika. Mnaotumia au mnaouguza wazazi, ipi haina madhara?

Kaka wa Tabata
Isiyo na madhara haipo. Halafu weka taarifa dada. Mama ana miaka mingapi? Miligramu ngapi? Presha inasoma ngapi? Ana sukari? Figo zimepimwa lini? Unauliza dawa kama unauliza nauli ya Gongo la Mboto.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, nijibu haya kwanza. Ni miguu yote miwili au mmoja? Akilala chali anapumua vizuri, au anaomba mito iongezwe? Kama ni mguu mmoja na unauma, msikae hapa kuandikiana, mpelekeni leo leo, damu inaweza kuwa imeganda. Kama anahema usiku, hapo tunazungumzia moyo, si kidonge.

Totoz wa Temeke
Losatani, funga mjadala. Enalaprili, nayo ya presha, ilinikohoza mpaka ofisini wakahamisha meza. Nilipimwa makohozi, nikapigwa picha ya kifua, TB hakuna. Kubadilishiwa losatani tu, wiki chache kimya.

Mzizi Mkavu
Mnawalisha wazazi kemikali kisha mnashangaa wanavimba. Mlonge, kitunguu saumu na juisi ya rosela. Baba yangu ana miaka 80 hajui famasi iko upande gani.

Kaka wa Tabata
@Mzizi Mkavu na presha ya mzee hujawahi kuipima, ndiyo maana hana presha.

Famasia wa Mtaani
Rosela inashusha kidogo, siikatai, ila mtu wa 170 hashuki kwa juisi, hasa mkiijaza sukari.

Turudi kwa mtoa mada. Amlodipini inatanua mishipa inayopeleka damu, lakini ile inayorudisha haitanuki kwa kiwango hicho. Msukumo unaongezeka kwenye vimishipa vidogo, majimaji yanavuja kwenda kwenye nyama, na kwa kuwa tunashinda tumesimama au tumekaa, yanatuama vifundoni. Mwili haujajaa maji, maji yamehama mahali. Ndiyo maana Lasix hapo haisaidii kitu cha maana: mama atakesha chooni, potasiamu itashuka, miguu itabaki vilevile. Wenzangu wa madukani tuache tabia ya kutibu kidonge kwa kidonge.

Uvimbe huu unafuata dozi. Kwenye 10 unaonekana sana kuliko kwenye 5. Kwa hiyo narudia swali la wenzangu: anameza ngapi?

Binti Chanika
Shikamoo nesi, asanteni wote. Mama ana miaka 63. Alikuwa anameza 5, kliniki wakampandisha 10 kabla ya Ramadhani, na kuvimba kulianza baada ya hapo. Ni miguu yote miwili, jioni ndiyo inazidi, asubuhi imepungua. Anapumua vizuri. Mara ya mwisho ilisoma 148 kwa 86. Sukari hana. Figo sijui.

Famasia wa Mtaani
Haya, sasa tunaongea. Muulizeni dokta kuhusu njia ya tatu: arudi kwenye 5, aongezewe losatani juu yake. Losatani inafungua na ile mishipa ya kurudisha, kwa hiyo wengi uvimbe unapungua, na presha inabanwa na dawa mbili. Ila apimwe figo na potasiamu kabla, na arudie wiki chache baada ya kuanza.

Baharia wa Magomeni
Mlioitaja enalaprili mmepita juu juu. Kukohoa ni nafuu.

Mimi nilipewa lisinoprili, nikameza miezi bila shida yoyote, hata hicho kikohozi sikukiona. Jumamosi moja tuko harusini, nikala wali na kamba wa nazi. Alfajiri naamka, mdomo wa juu umejaa hadi unagusa pua. Mke wangu akasema ni kamba wale. Shangazi akapigiwa simu Rufiji, akasema kamba wanasingiziwa, kuna mtu hapo harusini hakufurahi. Hospitali ya kwanza wakanichoma sindano ya mzio, kesho yake ukashuka, nikaambiwa nisile tena vitu vya baharini. Mtu wa pwani! Nikaacha kamba, pweza, ngisi, mpaka dagaa. Kidonge naendelea nacho kila asubuhi.

Baada ya muda ikarudi, safari hii ni ulimi. Sauti haitoki, mate hayamezeki, tumekwama foleni ya Morocco hapa Dar, dereva wa bajaji anapiga honi na kunisomea dua kwa pamoja. Daktari wa zamu, kijana mdogo tu, habari za chakula hakuzigusa. Akataka kuona vidonge. Kuliona boksi akasema hili halirudi nyumbani. Akanieleza kwamba ukoo wote wa hizo “prili”, yaani kaptoprili, enalaprili, lisinoprili na ndugu zao, unaweza kumvimbisha mtu uso na ulimi hata baada ya miaka, na sisi weusi inatupata zaidi. Sindano ya mzio hapo inasaidia kidogo sana, maana chanzo chake ni kingine.

Sasa natumia amlodipini. Vifundo vinajaa kidogo jioni, na pweza nimerudi kwa kasi. Mama akivimba miguu, mpeni pole, lakini afadhali miguu.

Totoz wa Temeke
Pole baharia. Sasa huyo pweza unakula wapi siku hizi? Wa Coco Beach wamekuwa mpira.

Baharia wa Magomeni
Nanunua Feri asubuhi, nachemsha mwenyewe.

Kijana wa Ubungo
Losatani si ndiyo ile ina kansa? Ilitolewa sokoni huko Ulaya.

Famasia wa Mtaani
Hapana. Mwaka 2018 valsatani kutoka kiwanda kimoja cha China ilikutwa na uchafu uitwao NDMA, ndio wenye hofu ya kansa, nchi nyingi zikaiondoa. Baadaye baadhi ya matoleo ya losatani nayo yakarudishwa kwa uchafu wa jamii hiyo. Ni matoleo, si dawa yenyewe. Na @Baharia, tukio kama lako linafaa kuripotiwa TMDA, mamlaka ya dawa, wana utaratibu wa kupokea taarifa za madhara ya dawa. Ukienda hospitali yoyote wape historia hiyo, hata kabla hawajakupa losatani, maana ni jirani wa hizo prili.

Mdau Kimya
Kuna utafiti ulichapishwa 2019, wa nchi 6 za Afrika, Kenya, Uganda na Msumbiji zikiwemo. Walilinganisha dawa mbilimbili kwa watu weusi. Michanganyiko yenye amlodipini ilishusha zaidi kuliko ule usiokuwa nayo. Kwa hiyo kuitupa kabisa amlodipini sikubaliani.

Kaka wa Tabata
Mule walitumia perindoprili, losatani haikuwemo. Ila hoja nimeipata.

Mkongwe wa Ilala
Wanaume wenzangu, kuna mtu ametumia atenololi, nayo ya presha? Naomba anifuate inboksi, si mambo ya hapa.

Kaka wa Tabata
Mzee sema tu, wote watu wazima 😂 Usiiache ghafla, moyo utakwenda mbio. Mwambie dokta akubadilishie, zipo zisizogusa idara hiyo.

Mzizi Mkavu
Mama apewe madafu kila siku, yanasafisha.

Nesi Mstaafu
Madafu yana potasiamu nyingi, na losatani inaibakiza potasiamu mwilini. Kwa mwenye figo nzima, dafu moja moja si neno. Kila siku, na figo hazijapimwa, sishauri. Binti, kuna dawa nyingine yoyote mama anameza? Hata ya kununua dukani.

Binti Chanika
Hakuna nesi. Labda diklofenaki ya magoti tu, anameza asubuhi na jioni tangu mwaka jana.

Nesi Mstaafu
“Labda diklofenaki tu.” Mwanangu! Hiyo yenyewe inapandisha presha na kubakiza maji mwilini. Inawezekana hata hiyo 10 alipandishiwa kwa sababu yake. Na ukiiweka pamoja na losatani na Lasix, figo zinapigwa pande tatu. Nenda na vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, dokta avione. Magoti aombe panadoli kwanza.

Binti Chanika
Mama anasema panadoli ni ya watoto, haimfanyi kitu, na dokta hajawahi kumkataza. Basi Ijumaa nichukue ipi?

Famasia wa Mtaani
Chukua amlodipini ya wiki moja tu asikae bila dawa, halafu kliniki. Pimeni nyumbani asubuhi na jioni, mwandike.

Kijana wa Ubungo
Mashine ya kupimia ipi nzuri? Nimeona za kuvaa kifundo cha mkono Kariakoo, bei poa.

Kaka wa Tabata
Za kifundo zinadanganya ukikosea kuweka mkono usawa wa moyo. Chukua ya juu ya kiwiko.

Totoz wa Temeke
Mimi yangu ya kiwiko kila siku inasoma tofauti na ya kliniki. Kuna fundi anayezirekebisha hapa mjini, au nitupe?